Neno "innovate" mnalitafsirije? "Tubuni" imeniaibisha mbele ya wazee

#1 Mkalimani wa Moro

Wakuu, habari za jioni. Nina shida ya neno moja. Kucheka chekeni, ila mkimaliza mnisaidie.

Natafsiri vijarida vya kilimo kwa mradi mmoja huku Morogoro. Vinakuja kwa Kiingereza, navigeuza, na mara nyingine natumwa nipande navyo mlimani nikawasomee wakulima. Mwezi huu nilikuwa na ukurasa unaoanza na sentensi ya maneno matatu tu: "Farmers must innovate." Nikaandika "Wakulima lazima wabuni." Ofisini wakaipitisha bila neno, kikachapwa, kizuri kabisa, kina picha ya mama ameshika mche.

Tukafika kijijini, watu wamejaa kwenye mabenchi ya ofisi ya kijiji. Nikasoma. Mzee mmoja wa mbele, kofia kaiweka gotini, akanyoosha mkono.

"Binti, tubuni nini?"

Nikajibu, "Mbuni tu babu, kwa ujumla."

Akawageukia wenzake: "Haya, tumeambiwa tubuni."

Kijana wa nyuma akadakia: "Buni si ziko Kilimanjaro? Sisi huku tunalima nyanya!"

Walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Nami nikacheka, nifanyeje, lakini usiku sikulala vizuri. Nimefungua kamusi tatu na kila moja inanipa jibu lake: buni, vumbua, anzisha jambo jipya. Sasa nauliza, hili neno hasa maana yake ni nini? Na kwa nini Mwingereza anaweza kuliacha hivyo hivyo lisimame peke yake, mimi nikifanya hivyo naulizwa "nini"?

Halafu kuna sentensi nyingine ukurasa wa 4: "She innovated a drip system from used bottles." Bosi wangu anasema hicho Kiingereza kibovu, mwenzangu anasema kiko sawa. Nimekaa katikati yao kama chumvi kwenye chai.

#2 Kipepeo78

Gundua. Uzi ufungwe.

#3 Bodaboda Msomi

Haufungwi mkuu. Kugundua ni kuona kitu ambacho kipo tayari ila kilikuwa hakijajulikana. Madini yanagunduliwa, ugonjwa unagunduliwa, mwizi anagunduliwa. Ukiwaambia wakulima "gundueni" watauliza kimefichwa shamba la nani.

#4 Njiwa Mweupe

Mimi nimekwama kwenye chumvi kwenye chai 😂

Pole dada. Nasubiri wataalamu.

#5 Bwana Nahau

Dada Mkalimani, kosa lako halikuwa la msamiati. Lilikuwa la sarufi, ndiyo maana kamusi tatu hazikukuokoa.

"Buni" ni kitenzi elekezi. Kinadai yambwa, yaani kile kinachotendwa, kama mwenye nyumba anavyodai kodi. Kubuni mbinu, kubuni vazi, kubuni jina la duka. Ukikiacha mtupu, msikilizaji anabaki na mkono hewani anasubiri umpe kilichobaki. Yule babu alikuwa hakukejeli. Alikuwa anakudai yambwa yake.

"Innovate" kwa matumizi ya leo mara nyingi haina yambwa. Kampuni "innovates", nukta, na hakuna anayeuliza nini. Ukitaka kutaja eneo la shughuli unaongeza "in": mtu ana-innovate in kilimo, in ufundishaji. Ukitaka kutaja kitu cha zamani unachokichukua na kukisogeza mbele unatumia "on". Vihusishi hivyo viwili vinakuonyesha kitenzi chenyewe kinaitazamaje kazi: kuna jambo limeshakuwepo, linaendelea, wewe unaingia humo na kuleta mabadiliko.

Na asili yake inasema hivyo hivyo. Kilatini "innovare": "in" ni ndani, "novus" ni -pya. Kutia upya ndani ya kitu. Mzizi wake ni upya, wala hautaji akili wala kufikiri. Hapo ndipo kinapopishana na kubuni. Kubuni kunaanzia kichwani, ndiyo maana tuna hadithi ya kubuni, majina ya kubuni, na mweka hazina wa kikundi akibuni risiti anaishia polisi. Mtu anaweza kulala kitandani akabuni usiku kucha na asiwe ame-innovate hata punje. Na kinyume chake kinawezekana pia: mtu asibuni chochote, aone kitu kijiji cha pili, akilete kwao ambako hakijawahi kutumika, watu wakaanza kukitumia. Huyo ame-innovate, ingawa wazo si lake.

Kwa hiyo "Farmers must innovate" haiwaambii wakulima wawe na mawazo. Mawazo wanayo tele. Inawaambia waache kulima vilevile.

Sentensi yako ya pili nitairudia, naitwa kula.

#6 Njiwa Mweupe

Bwana Nahau kala saa ngapi, mbona harudi?

Nikiwa nasubiri: nimewahi kusoma mahali kwamba zamani Uingereza ukikutwa una-innovate unakatwa masikio. Ni kweli au ni zile stori za mtandaoni?

#7 Mwalimu Mstaafu

Njiwa, hiyo habari ina ukweli ndani yake, ila wengi wanaisimulia miguu juu kichwa chini. Nimefundisha Kiingereza na historia miaka mingi, ngoja niiweke sawa.

Neno lilianza kuonekana kwenye maandishi ya Kiingereza miaka ya 1540, na lilianza vibaya. Februari 1548 Mfalme Edward wa 6 alitoa tangazo la kukataza watu ku-innovate, kubadili au kuacha ibada yoyote ya kanisa "kwa mamlaka yao binafsi". Mfalme mwenyewe alikuwa mtoto wa miaka 10, nchi ilikuwa mikononi mwa mjomba wake. Shikeni hayo maneno "kwa mamlaka yao binafsi", kwa sababu mwaka uliofuata, 1549, serikali hiyohiyo ikaleta kitabu kipya cha sala kwa Kiingereza na kuagiza makanisa yote yakitumie. Wao wakileta mapya ni matengenezo. Wewe ukileta mapya ume-innovate.

Masikio ni ya baadaye, 1637. Kasisi mmoja, Henry Burton, alihubiri na kuchapisha kwamba maaskofu wanaingiza mambo mapya kanisani. Yaani yeye ndiye aliyekuwa *anashtaki* innovation, hakuwa ameileta. Mahakama ikamtia hatiani kwa kuwakashifu maaskofu, yeye na wenzake wawili, William Prynne na John Bastwick, wakakatwa masikio hadharani pale Westminster. (Prynne yalikuwa yamekwisha kukatwa miaka mitatu kabla, wakakata yaliyosalia.) Naye Askofu Mkuu Laud alijitetea kwa kukana kwamba ameleta jipya lolote. Mnaona kituko? Aliyekatwa na waliomkata wote walikubaliana kwamba ku-innovate ni kosa. Walichogombania ni nani kalitenda.

Hata Shakespeare alipomweka "innovator" kwenye tamthilia ya Coriolanus, kivumishi alichokipa kando yake ni cha usaliti. Ndivyo neno lilivyonuka.

Mmoja aliyelitetea mapema ni mwanafalsafa Francis Bacon. Mwaka 1625 aliandika kwamba wakati wenyewe ndio mleta mapya mkubwa kuliko wote, na wanadamu wauige, kwa kuwa wakati huleta mapya mengi lakini kimyakimya, hatua kwa hatua, hata usitambue. Bwana Nahau atafurahi: Bacon hapo kalitumia bila yambwa. Lakini zaidi ya karne moja na nusu baadaye bado mwanasiasa Edmund Burke, mwaka 1796, anaonya kwamba ku-innovate siyo kurekebisha. Kwake kurekebisha ni kuzuri, ku-innovate ni kubomoa.

Kusifiwa kumekuja juzi tu. Mchumi Joseph Schumpeter, kwenye kitabu chake cha mwaka 1911, alieleza kwamba uchumi unasukumwa na watu wanaounganisha vilivyopo kwa namna mpya, akataja sura tano: bidhaa mpya, namna mpya ya kuzalisha, soko jipya, chanzo kipya cha malighafi, na mpangilio mpya wa sekta nzima. Baadaye alisisitiza kuwa kuvumbua kifaa ni jambo moja na kukiingiza kwenye maisha ya watu ni jambo lingine. Kutoka hapo neno likavaa suti, na sasa hakuna kampuni isiyoliandika ukutani.

#8 Mtoto wa Forodhani

Assalaam aleikum wanajamvi. Mwalimu, shikamoo. Hapo kwenye 1548 nilisimama kwanza, maana neno hilo sisi tunalo, tena la siku zote: bidaa.

Asili yake Kiarabu, na maana yake ya msingi ni kuanzisha kitu kisicho na mfano kabla yake. Kiswahili chake ni uzushi, na kitenzi ni kuzua. Mtu wa pwani ukimwambia "umezua" hajui kama unamsifu, na kwa kawaida humsifu. Tazameni tunavyokitumia: kuzua balaa, kuzua taharuki, kuzua maneno. Mleta habari za uongo ni mzushi. Na kwenye dini ndiyo kabisa, ule mjadala wa maulidi tumekulia ndani yake. Anayepinga husema kila bidaa ni upotevu. Anayesoma maulidi humjibu kwa kauli ya Sayyidna Umar alipowakuta watu wanasali tarawehe nyuma ya imamu mmoja: bidaa nzuri iliyoje hii. Sifungui mlango huo, nataka tu muone kwamba mgogoro wa neno la Kiingereza ni uleule wa kwetu, nao haukuhitaji Mwingereza.

Nyumbani pia. Shangazi yangu alitia sosi ya tomato ya chupa kwenye sosi ya biriani, miaka hiyo chupa hizo ndiyo kwanza zinaingia. Bibi alionja, akaweka kijiko chini, akasema, "Mwanangu, usituzulie." Basi. Alikuwa hakusema mbaya wala haina chumvi. Kosa lilikuwa upya wenyewe.

Kwa hiyo kwa maana ya zamani, "innovate" tafsiri yake safi kabisa ni kuzua. Tangazo la yule mfalme mtoto ningelitafsiri "tangazo juu ya wanaozua". Kwa maana ya leo hulitumii, watu watakukimbia.

#9 Kijana wa Temeke

"Usituzulie" 😂😂 Bibi yangu naye husema "usituletee mambo yako mapya hapa." Halafu ni mtu wa Songea, si wa pwani. Kumbe mapya yana kesi kila mahali.

#10 Msimamizi

Tarawehe na maulidi tumesikia. Anayetaka kuendelea nayo jukwaa la dini lipo. Hapa ni lugha.

#11 Mtu wa Busia

Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania. Naomba niingize sauti ya Kenya maana huku maneno tumegawana tofauti kidogo.

Kwenye mitaala yetu "ubunifu" mara nyingi ni ule uwezo wa kuwaza na kuunda, wa mtoto anayechora au kutunga shairi. Magazeti yetu yakizungumzia innovation huandika "uvumbuzi". Nikija kwenu naona mna "Sayansi, Teknolojia na Ubunifu" hadi kwenye mashindano ya kitaifa ya MAKISATU. Kitu kimoja, upande wa pili wa mpaka jina limehama. Sisemi nani yuko sawa, lakini mfasiri ajue msomaji wake yuko upande gani.

Tatizo langu na "uvumbuzi" wetu ni kwamba unambeba pia aliyeunda kifaa ambacho hakikuwepo duniani. Chukueni M-Pesa. Ilizinduliwa na Safaricom Machi 2007. Ni nini kilivumbuliwa hapo? Simu zilikuwepo. Ujumbe mfupi ulikuwepo. Duka la mtaani lilikuwepo. Hata kutumiana thamani kwa simu kulikuwepo, watu walikuwa wanatumiana salio la kupiga simu na kulihesabu kama pesa. Jaribio la kwanza la mwaka 2005 lilikusudiwa watu walipe mikopo yao midogo kwa simu. Wateja walipopewa wakaanza kutumiana wao kwa wao, na waanzilishi wakawa na busara ya kuwafuata. Ilipozinduliwa wito wake ulikuwa kutuma pesa nyumbani, mikopo ikakaa pembeni. Hakuna kifaa kipya hapo. Kuna namna mpya ya kufanya jambo ambalo watu walishalifanya kwa basi na bahasha.

Na mfano wa nyumbani kwangu: bodaboda. Miaka ya 1960, Busia, kati ya kituo cha mpaka cha Kenya na cha Uganda kuna kipande cha njia ambacho msafiri alikitembea kwa miguu na mizigo yake. Vijana wa baiskeli wakaweka kiti cha nyuma na kuita abiria: "boda, boda!", yaani kutoka mpaka hadi mpaka. Baiskeli si yao, njia si yao, mpaka si wao. Ila leo neno lao liko mpaka kwenye sheria za usafiri, na baiskeli yenyewe imekuwa pikipiki.

Sasa mniambie, hao wa baiskeli walibuni, walivumbua, au walifanya nini?

#12 Bodaboda Msomi

Walitafuta hela, mkuu.

Nashukuru kwa historia ya kazi yangu.

#13 Kijana wa Temeke

Wakuu mnazunguka mbuyu. Mtaani tuna neno na linatosha: KUJIONGEZA. "Wakulima wajiongeze." Halidai yambwa, Bwana Nahau arudi apige makofi. Kama hamlitaki, basi "waje kivingine". Msanii akibadilisha staili tunasema kaja kivingine. Muuza chips akianza kuweka pilipili ya embe kaja kivingine. Ndiyo innovate hiyo, imeshatafsiriwa na wananchi, ninyi bado mko na Kilatini.

#14 Mkalimani wa Moro

Kaka wa Temeke, nipande mlima, nisimame mbele ya babu wa miaka 70, nimwambie "jiongeze"? Nitarudi nimevishwa hicho kijarida kichwani.

Lakini wazo lako nimelipenda. Kweli halidai yambwa.

#15 Bwana Nahau

Nimerudi, samahani, umeme ulikatika huku.

Kijana wa Temeke, makofi unayo, nusu. Kwa sarufi umepatia: "-ji-" imeshajibu swali la "nini", kwa hiyo kitenzi kinasimama. Kwa maana kuna mchepuko. Ukimwambia mtu "jiongeze" unamwambia asingoje kutafuniwa, atumie akili yake kwa kilichobaki. Ndani yake kuna kakemeo, kwamba mpaka sasa umezubaa. Ndiyo maana dada anaogopa kuipeleka kwa babu, na yuko sahihi. "Kuja kivingine" iko karibu zaidi, kwa sababu inamtambua mtu kwamba alishakuja hapo kabla, na sasa anabadilisha namna. Shida yake ni ya rejista tu: kwenye kijarida cha mradi itaonekana kama tangazo la tamasha.

Mtu wa Busia, swali lako zuri. Wale vijana walianzisha. "Kuanzisha" ni neno tunalolidharau kwa sababu ni la kila siku, lakini linabeba kile hasa ambacho Schumpeter wa Mwalimu alikihangaikia: jambo kutoka kwenye hali ya wazo na kuwa shughuli inayoendeshwa. Nalo pia linadai yambwa, sikatai. Walianzisha usafiri.

Sasa sentensi ya ukurasa wa 4, "She innovated a drip system." Bosi na mwenzako wote wana hoja. Kamusi kubwa za Kiingereza zinakubali innovate yenye yambwa, kwa maana ya kuingiza kitu kipya, na kwa kweli hiyo ndiyo ya kale. Tangazo la 1548 alilolitaja Mwalimu lina yambwa, lilikataza ku-innovate *ibada na desturi*. Lakini masikio ya wahariri wengi wa leo yanaikwaruza, wangependa "developed" au "came up with". Kwa hiyo si kibovu, ila kimevaa koti la babu yake. Kibovu kweli ni "innovate a new system", maana upya umo ndani ya kitenzi tayari. Ni sawa na kwetu "kushuka chini".

Kwako wewe mfasiri, hapa ndipo "buni" inaporudi nyumbani, kwa kuwa yambwa ipo: "Alibuni mfumo wa umwagiliaji wa matone kwa chupa zilizotumika." Ila kabla hujaandika uliza kama ni yeye aliyewaza au aliona kwa mtu. Umwagiliaji wa matone hakuuanza yeye. Kama aliona, andika "alianza kumwagilia kwa matone akitumia chupa zilizotumika." Kiswahili kinakulazimisha useme ukweli ambao Kiingereza kiliupitia juu juu.

#16 Wakili wa Mtaa

Nimesoma kimya, nami nichangie kadogo. Sisi kwenye sheria ya mikataba tuna ndugu wa neno hili, "novation". Mkataba wa zamani unakufa, mpya unashika nafasi yake, mara nyingi na mhusika mpya. Mzizi uleule wa -pya.

Na ndugu mwingine ni "renovate". Huku kwetu kuna fundi ana kibao barabarani: HOUSE INNOVATION & PAINTING. Nikamwambia fundi, nadhani ulitaka renovation, ukarabati. Akanitazama akasema, "Wakili, nyumba nikimaliza mimi mwenyewe haijui." Nikaona nimwache na kibao chake.

#17 Kijana wa Temeke

Huyo fundi kaja kivingine.

#18 Mwalimu Mstaafu

Bwana Nahau, umesema vema kuhusu kuanzisha. Naongeza moja kwa ajili ya dada yetu. Sentensi ya "must innovate" usiitafute kwenye kitenzi kimoja. Kiingereza kimefunga mzigo wote kwenye neno moja, sisi tunaufungua: namna, mpya, jaribu, badili. Nilikuwa nawaambia wanafunzi wangu wasione haya kutumia maneno manne pale Mwingereza alipotumia moja, mbona sisi tukisema "hawatatufundishia" yeye anahitaji mstari mzima.

#19 Mkalimani wa Moro

Wakuu, mrejesho. Juzi Jumamosi tumepanda tena.

Safari hii sikusoma kijarida, nilikikunja nikakiweka mfukoni, nikasema: "Wazee wangu, shikamooni. Karatasi ile ilikuwa inataka kusema hivi: tujaribu namna nyingine za kulima, tusilime kama mwaka jana." Nikamtazama yule babu wa kofia. Nilikuwa nangoja "nini" yake.

Akasema, "Kumbe ndiyo hiyo? Njoo."

Tukamfuata mpaka shambani kwake, si mbali, nyuma ya kisima. Matuta matano ya nyanya, na kila tuta limetandazwa nyasi kavu, nene kama godoro, mashina tu ndiyo yamechomoza. Akainama, akasogeza nyasi kwa kiganja, akanishika mkono akanichomekea kidole kwenye udongo. Ulikuwa baridi na una maji. Mvua haijanyesha hapo zaidi ya wiki. Tuta la jirani, lisilo na nyasi, lilikuwa limepasuka kama kisigino.

Nikamwuliza hayo matandazo nani kamfundisha, nikidhani atataja mradi wetu (nilitamani, nikiri). Akasema aliona kwa shemeji yake huko Mgeta mwaka juzi. Bwana Nahau, nilikukumbuka pale pale. Hakubuni, hakuvumbua, hakugundua. Aliona, akaleta.

Ila kilichonimaliza ni alichosema tunarudi. "Mwanzoni majirani waliniita mzushi. Wakasema huyu mzee anafuga nyoka kwenye majani." Mtoto wa Forodhani, hilo neno limetoka kinywani mwake mwenyewe, na huko mlimani hakuna pwani.

Sasa majirani wawili nao wanakata nyasi.

Nimebadilisha sentensi kwenye toleo la pili: "Wakulima tujaribu namna mpya za kulima." Bosi amelalamika kwamba imekuwa ndefu na haitoshi kwenye kisanduku cha kichwa cha habari. Tumepunguza picha ya mama mwenye mche.

#20 Mtoto wa Forodhani

Mwambie babu salamu kutoka Unguja. Na wasimwite mzushi tena, au basi wamwite, keshashinda.

#21 Njiwa Mweupe

Uzi mtamu. Dada, kijarida kimeisha au bado kuna kurasa?

#22 Mkalimani wa Moro

Bado. Ukurasa wa 6 unaanza na "disruptive innovation".

#23 Kipepeo78

Ugunduzi. Uzi ufungwe.